Mkoba Wangu Hukaguliwa Kila Asubuhi

Kila nikitoka zamu ya usiku, mlinzi wa geti hunisimamisha. Tunasalimiana, nafungua mkoba, naye humulika ndani kwa tochi hata kama jua limeshachomoza. Anatafuta shuka za hospitali, glavu, pamba, vichupa vya dawa. Hukuta khanga, kandambili na bakuli tupu la chakula cha usiku. Nina miaka kumi na sita katika uuguzi, nimefanya kazi kwenye hospitali nne, na zote nimekaguliwa hivyo wakati wa kutoka. Sijawahi kulalamika. Mali ya umma huibwa kweli, na shuka zikipungua ni mimi ninayehangaika wodini na mgonjwa aliyelala kwenye godoro la mpira bila kitu.

Ila katika miaka hiyo yote sijaona mtu akikaguliwa anapoingia saa nane za usiku. Wanaingia wanne, wanaingia kumi, wenye koti refu, wenye harufu ya pombe, wenye hasira waliyoanza nayo njiani. Geti hufunguliwa kwa sababu wamebeba mgonjwa, na ni sahihi lifunguliwe. Baada ya hapo hakuna anayejua wamekwenda wapi ndani ya hospitali, wala nani amebaki nao.

Nilichelewa kuliona jambo hili. Ilibidi kwanza nivunjwe mkono.

Ilikuwa masika, katika hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja. Mapokezi tulikuwa wawili usiku ule: mimi na mhudumu mmoja, mama mtu mzima tuliyemwita Mama Mkubwa. Tabibu wa zamu alikuwa thieta, akisaidia upasuaji wa mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu asubuhi. Kwenye saa saba na nusu nikasikia pikipiki nyingi zikipanda kilima kwa pamoja. Yeyote aliyewahi kukaa mapokezi usiku anaujua mlio ule. Bodaboda wanamleta mwenzao.

Waliingia kama kumi, wamelowa, matope hadi magotini, wamembeba kijana mikononi kwa sababu machela ilikuwa moja na ilikuwa thieta. Lori lilikuwa limemgonga, halikusimama. Nilipomlaza na kummulika macho, mboni moja ilikuwa imetanuka na nyingine imebaki ndogo. Pumzi yake inakoroma, inakatika, inarudi. Damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu. Pale hatukuwa na CT-scan, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, wala daktari wa upasuaji wa ubongo, na barabara ya kwenda hospitali ya rufaa ilikuwa saa tatu za mvua. Nikainua upande wa kichwa, nikafungua oksijeni, nikamtuma Mama Mkubwa thieta akamwite tabibu, nikaanza kutafuta mshipa.

Nikiwa nimeinama na kanula mkononi, ile sindano ya kuwekea dripu, mmoja wao akapaza sauti: "Hawa watataka PF3 kwanza! Wataacha afe hawa!"

Nilikuwa sijasema neno lolote kuhusu PF3. Kwa msomaji aliye nje ya Tanzania, hiyo ni fomu ya polisi anayopewa mtu aliyeumia kwa ajali au kwa kupigwa, ili daktari aandike majeraha yake. Kwa miaka mingi majeruhi wamerudishwa mlangoni waifuate kituoni huku damu inachuruzika. Imetangazwa mara nyingi kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, karatasi zifuate, na wengi wetu tunafanya hivyo. Lakini aliyewahi kurudishwa hasahau, na anawasimulia wenzake kijiweni. Kijana yule aliyepiga kelele alikuwa anagombana na mlango mwingine, wa usiku mwingine. Mimi ndiye niliyekuwepo.

Mwenzao alikata roho kanula ikiwa bado haijaingia vizuri. Nikasubiri, nikasikiliza kifua, nikasikiliza tena. Kijana mmoja aliyesimama karibu kuliko wote, ambaye baadaye nilijua ni mdogo wake wa tumbo moja, akaniuliza, "Mbona umeacha?" Nikamwambia, "Pole sana, kaka yangu." Hakusubiri nimalize. Alinyakua stendi ya dripu.

Niliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa. Mlio wa mfupa niliusikia kabla ya maumivu. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika sindano ya kanula, yenye damu ya marehemu, na niliporudi nyuma ikanichoma pajani kupitia gauni.

Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja. Kitanda cha dharura kilikuwa mwisho wa chumba, mimi nyuma ya kitanda, wao kati yangu na mlango. Nimekirudia chumba hicho kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Aliyekichora alifikiria mgonjwa ataingiaje na mitungi ya oksijeni itakaa wapi. Nesi atatokaje, hakulifikiria.

Mama Mkubwa alikuwa anarudi kutoka thieta, akaona, akageuka, akakimbilia getini kwa miguu yake yenye uvimbe. Hatua mia mbili na zaidi, mvua inanyesha. Mlinzi alikuja akihema, mzee wa miaka sitini na kitu, rungu mkono mmoja, tochi mkono mwingine. Kufikia hapo bodaboda wenyewe walikuwa wamemkamata mwenzao, wamemkalisha sakafuni, naye analia kwa sauti ambayo bado naisikia. Kazi ya ulinzi usiku ule ilifanywa na wale wale ambao ningeambiwa niwaogope.

Mzee mlinzi alinikuta kwenye sinki, naosha paja kwa maji na sabuni. Akasema, "Mwanangu, nisamehe. Mimi nimewekwa kwenye jenereta. Nikitoka pale mafuta yakaibwa, nakatwa mshahara."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu vitu viwili kwa pamoja, kama tunavyofundishwa: mkono, na sindano. Watu wakisikia nesi amepigwa, huuliza kuhusu mkono. Sindano ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kati ya watumishi 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3. Kwa homa ya ini aina ya B, kama hujachanjwa, wanaweza kuwa kuanzia 60 hadi 300. Mimi nilikuwa nimepata dozi mbili za chanjo kati ya tatu. Ya tatu ilichelewa na hakuna aliyenikumbusha, na mimi mwenyewe sikuifuatilia. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya kuchomwa hivyo, zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na zinamezwa siku 28. Nilizianza alfajiri ile. Nilizimeza mwezi mzima na mkono ukiwa ndani ya plasta ngumu (POP), kichefuchefu kila asubuhi, nikimficha mwanangu kopo la dawa kwa sababu alikuwa ameshajua kusoma. Vipimo vya miezi iliyofuata vilitoka salama. Kusubiri kila jibu, lakini, ni jambo ambalo halipo kwenye PF3.

Maana na mimi nilihitaji PF3. Asubuhi nilikwenda kituoni, mkono umefungwa kwa ubao na bandeji. Njia ya kituo kile nimewaelekeza mamia ya watu. Askari wa kaunta aliandika jina, akaandika mahali pa tukio, kisha akanitazama na kuuliza, "Ulimjibu nini mpaka akupige?"

Nalirudia swali hilo kwa sababu nimelisikia tena, kwa maneno tofauti, kutoka kwa mkubwa wangu wa kazi, kwa jirani, kwa shangazi yangu mwenyewe. Ulimjibu nini. Na sitaki kulikwepa, kwa kuwa wapo wasomaji wanaolifikiria sasa hivi.

Ni kweli wapo manesi wenye lugha mbaya. Nimewasikia. Nimesimama wodi ya wazazi nikasikia mwenzangu akimwambia msichana wa miaka kumi na nane, aliye katikati ya uchungu, maneno ambayo hata adui hastahili. Nimeona mama akipigwa kofi la paja ili asukume. Mambo hayo ni ukatili, na mwenye kuyafanya anapaswa kuwajibishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kama sheria inavyosema. Mimi pia nimewahi kumjibu vibaya mzee mmoja saa kumi za alfajiri, na uso wake nimeubeba hadi leo. Hata hivyo, wodini kwangu kuna usiku tuna wagonjwa 43 na tuko wawili. Mwenye dripu iliyokwisha anaita, mwenye kutapika anaita, ndugu wa kitanda cha tisa anataka kujua kwa nini daktari hajapita. Ukifika kwa wa ishirini umebakiwa na sauti ya namna moja tu, kavu. Ndugu wa mgonjwa husikia dharau. Kwake ni mara ya kwanza kuuliza. Kwako ni ya ishirini. Ugomvi mwingi niliouona ulianzia kwenye ufa huo, wala hakuna mlinzi anayeweza kuuziba.

Isitoshe, watu wamejifunza kutoka juu. Mara ngapi tumeona kwenye simu zetu kiongozi ameingia wodini na wapiga picha, anamfokea muuguzi mbele ya wagonjwa, pengine anaagiza akamatwe? Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, na wauguzi wamo miongoni mwa walioamriwa. Labda kosa lilikuwepo, labda halikuwepo. Hujulikana baadaye, kimyakimya, kamera zikiwa zimeshaondoka. Kijana wa kijiweni aliyeitazama video ile anapokuja na mwenzake majeruhi, anajua tayari nesi ni mtu wa namna gani na hutendwaje.

Narudi kwenye kisa changu. Siku ya tatu walikuja nyumbani wazee watatu wa ukoo wa marehemu. Matanga yalikuwa hayajavunjwa. Walikaa kwenye mkeka, wakakataa kiti, mkubwa wao akasema kijana amechanganyikiwa, kaka ndiye aliyekuwa anamlipia ada. Nilisamehe. Sijutii. Nilimwona kijana yule mwaka uliofuata sokoni, akanipokea kapu langu bila kusema lolote, akalibeba hadi kwenye bajaji. Linalonisumbua ni kwamba msamaha wangu ulitumika kama kifutio. Kazini nikaambiwa, "Si mmeshayamaliza?" Hakuna aliyeniambia kwamba kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, na kwamba unawahusu hata watumishi wa umma wanaoumia kazini. Fomu ya kutoa taarifa ya ajali haikujazwa. Niliporudi baada ya wiki saba nililifungua daftari la ripoti la zamu ile. Imeandikwa: "Usiku ulikuwa na changamoto. Kifo kimoja."

Chuoni tulifundishwa kwamba huduma isiyoandikwa ni sawa na huduma isiyofanyika. Nikaelewa kwamba na kipigo ni hivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Uchambuzi mmoja uliochapishwa 2019, uliokusanya tafiti 253 zenye watu zaidi ya 330,000 kutoka nchi nyingi, ulikuta asilimia 62 hivi walikuwa wamepatwa na ukatili wa aina yoyote kazini ndani ya mwaka mmoja, matusi na vitisho vikiwemo. Namba hizo nazitazama kwa heshima kwa sababu kila moja ni mtu aliyeulizwa akajibu. Mimi simo. Mama Mkubwa hayumo, na yeye alishawahi kung'atwa bega na mgonjwa mwenye malaria ya kichwani.

Yapo mengine ambayo hata sisi kwa sisi hatuyataji. Mkono wa mgonjwa unaoshuka mahali pasipo pake wakati unambadilishia shuka. Ndugu wa mgonjwa anayejua umebaki peke yako na anakuja kusimama karibu mno. Mwanafunzi wa uuguzi aliniambia kwa kunong'ona, nikamwuliza kwa nini hakusema mapema, akajibu aliambiwa na waliomtangulia kwamba "utazoea". Na njia ya kurudi nyumbani: zamu ya jioni ikiisha saa mbili na nusu usiku, kutoka jengo la wazazi hadi barabarani ni mita mia tatu, taa mbili kati ya saba ndizo zilizokuwa zikiwaka. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, namba 190, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unataja wazi mahali pa kupumzikia na safari ya kwenda na kurudi kazini kuwa sehemu ya kazi. Nilipousoma mstari huo nilikumbuka zile taa tano.

Mahali pa kupumzikia. Tarehe 9 Agosti 2024, huko Kolkata, India, daktari kijana wa hospitali ya chuo cha R. G. Kar alikutwa amebakwa na kuuawa kwenye ukumbi wa semina, alikokwenda kupumzika katikati ya zamu ndefu. Aliyehukumiwa kifungo cha maisha Januari 2025 alikuwa mtu wa kujitolea aliyefanya kazi na polisi. Alikuwa anaingia na kutoka hospitalini bila kuulizwa. Mwaka mmoja kabla, Mei 2023, katika mji wa Kottarakkara jimbo la Kerala, daktari mwingine kijana alichomwa hadi kufa kwa mkasi wa chumba cha kushonea vidonda, na mtu aliyeletwa na polisi kutibiwa jeraha la mguu. Askari walikuwepo. Nilisoma habari ile nikiwa zamu, nikainuka, nikaenda kuangalia trei yangu ya vidonda ilipo. Ilikuwa pembeni ya kiti anachokaa mgonjwa, kama ilivyokuwa miaka yote. Niliihamishia upande wangu.

Nairobi nako, mwaka 2025, wagonjwa wawili waliuawa wakiwa wamelazwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mmoja Februari, mwingine Julai. Nalitaja hilo kwa ajili ya wanaodhani ninapolilia usalama wa manesi najililia mwenyewe. Mlango usiojulikana nani ameupita ni mlango wa wote waliolala ndani.

Miaka minne baada ya mkono wangu nilihamishiwa hospitali nyingine, na huko nilimkuta Katibu wa Afya ambaye alikuwa na tabia ya kusoma karatasi. Nilipomsimulia kisa cha jenereta, alifungua kabati, akatoa mkataba wa kampuni ya ulinzi, tukausoma pamoja kwenye benchi nje ya ofisi yake. Ulieleza majengo, magari, jenereta, bohari ya dawa, mafuta, uzio. Ulieleza faini ya kampuni kwa kila kitu kitakachopotea. Neno mtumishi halikuwepo. Neno mgonjwa halikuwepo. Mzee yule wa jenereta hakuwa mwoga wala mzembe. Alikuwa anautekeleza mkataba ulivyoandikwa. Sisi tuliokuwa ndani hatukuwa kwenye orodha ya vitu vinavyolindwa.

Mkataba ulipoisha muda, Katibu aliandika upya. Mlinzi mmoja akawekwa mlangoni kwa EMD, idara ya dharura, usiku kucha, ndani, penye mwanga, si getini. Akapewa kazi tatu: kuhesabu wanaoingia, kubakiza ndugu mmoja kwa kila mgonjwa kwa kumpa kadi ya rangi, na kukimbilia filimbi. Ndiyo, filimbi, kama ya mwamuzi wa mpira. Kila nesi wa usiku ana yake mfukoni. Wengine walicheka zilipoletwa. Kengele za ukutani zinagharimu fedha na umeme ukikatika hunyamaza. Filimbi husikika hadi wodi ya watoto.

Rafiki yangu tuliyesoma naye yupo Uingereza, hospitali kubwa, kila mtumishi amevaa kidude cha kubonyeza akiwa hatarini na walinzi hufika ndani ya dakika. Nilimwonea wivu, nikamwambia. Akanijibu kwamba alipigwa ngumi Desemba iliyopita na mgonjwa mlevi. Utafiti wa kila mwaka wa watumishi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, huonyesha takribani mmoja kati ya saba amekumbana na kipigo cha mgonjwa au ndugu wa mgonjwa katika mwaka uliotangulia. Kwa hiyo sidhani kitufe kitatuokoa peke yake. Kitufe hubonyezwa mambo yakiwa yameshaharibika.

Kilichonisaidia mimi zaidi nilikipata nikiwa mwanafunzi, nikakisahau. Tulipelekwa Mirembe, Dodoma, kujifunza afya ya akili kwa vitendo. Kulikuwa na muuguzi mmoja mwanaume, karibu anastaafu, mpole, hakuwahi kupandisha sauti. Alituambia: "Usimpe mtu mgongo, na usimzibie mlango." Alituonyesha namna ya kusimama upande, viganja wazi, umbali wa mikono miwili, na kuongea polepole kuliko anavyoongea mwenye hasira. Alitukataza kuning'iniza kitu chochote shingoni. Alituambia tumwite mtu kwa jina lake, kwa sababu mtu anayeitwa kwa jina hukumbuka kuwa ana mama.

Baadaye nilijifunza kwamba mambo aliyokuwa akiyaangalia kwa jicho yamewekwa kwenye orodha fupi na wauguzi na watafiti wa Norwei, inaitwa Brøset. Dalili ni sita: kuchanganyikiwa, kuwa mwepesi wa kukasirika, kelele na fujo, vitisho vya maneno, vitisho vya mwili, kuvamia vitu. Kila iliyopo unahesabu moja. Ukifika zaidi ya mbili, usisubiri, weka watu wawili, ita msaada, tengeneza nafasi. Haihitaji kompyuta. Nimeichapa, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa. Nikimrudia yule kijana wa stendi ya dripu, alikuwa ameshafika nne dakika kumi kabla hajanipiga, na mimi nilikuwa nimemgeukia mgongo.

Jambo lingine ambalo sikulitegemea lilikuwa benchi. Katibu aliweka benchi la ndugu mkabala na mlango wa EMD, na tukakubaliana kwamba kila nusu saa mmoja wetu atoke awaambie kinachoendelea hata kama hakuna kipya. "Bado tunasubiri damu kutoka maabara." "Daktari ameingia, anashona." Inachukua dakika moja. Mwanzoni niliona ni kazi ya ziada kwa watu tuliozidiwa. Sasa nisipotoka najisikia nimeacha dripu ikakauka. Na daftari la matukio lipo mezani, jekundu, la kurasa mia mbili: tarehe, saa, nini kilitokea, nani aliumia, hatua gani. Matusi yanaandikwa. Kusukumwa kunaandikwa. Lilipojaa robo katika miezi mitano, Mganga Mfawidhi alilichukua kwenye kikao cha bajeti akalisoma kwa sauti. Taa za njia ya wodi ya wazazi zilirekebishwa mwezi huohuo.

Na ukabomolewa ukuta, chumba cha dharura kikapata mlango wa pili, nyuma ya kitanda, unaofungukia kwenye korido ya maabara. Fundi alimaliza Ijumaa. Jioni ile nilipita pale mara tatu bila sababu.

Mwaka jana Novemba nilirudi kutoka likizo, nikakuta mlango ule umefungwa kwa kufuli kubwa la shaba. Nikauliza. Nikaambiwa shuka sita zilipotea, ikadhaniwa zinapitishiwa pale, kwa hiyo uongozi wa jengo umeona ufungwe. Katibu wetu alikuwa ameshahamishwa mkoa mwingine. Ufunguo uko kwa mtunza stoo, anayeondoka saa tisa na nusu alasiri.

Sikupiga kelele. Nilikwenda stoo nikakaa hadi nikapewa. Kisha nikaandika barua kwa Muuguzi Mfawidhi, ukurasa mmoja, nikaambatanisha nakala ya PF3 yangu ya zamani, ile niliyoihifadhi kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: kufuli litabaki mchana, usiku litaondolewa, na nesi kiongozi wa zamu ndiye atakayekaa na ufunguo.

Kwa hiyo sasa kwenye makabidhiano, baada ya kuhesabu wagonjwa na kabla ya kusaini, tunasoma hivi: mitungi ya oksijeni minne, miwili imejaa; kibofu cha kupumulia kimoja cha mtu mzima, kimoja cha mtoto; dawa za hatari, idadi yake; filimbi tatu; ufunguo mmoja. Anayepokea anauchukua, anakwenda kuufungua mlango mbele yako, anausukuma hadi aone korido, ndipo anarudi kuweka sahihi. Wiki iliyopita nilimkabidhi binti aliyeajiriwa mwezi uliopita, zamu yake ya kwanza ya usiku. Mlango ulikwama kidogo chini, mvua imeuvimbisha. Akaweka bega, ukafunguka.